Habari Isiyopigiwa Simu

Niliondoka Riyadh kwenda Jeddah kwa sababu mbili. Ya kwanza itawachekesha. Mimi Hamza, mtu mzima wa miaka hamsini na ushei, mpima ardhi, baba wa watoto watatu na mwenye goti moja bovu, nacheza besiboli. Najua mtakavyosema huko Tanga, kwa sababu mke wangu alishayasema yote: "Wenzio wanakwenda Uarabuni kutafuta, wewe umekwenda kucheza rede." Sikumbishia. Kwa umri wetu, anayetutazama kwa mbali tunavyokimbia hawezi kufikiri vingine.

Sababu ya pili ni Mbwana, na hiyo haichekeshi.

Kwa asiyeujua mchezo, nieleze kwa ufupi. Mmoja anarusha mpira mdogo mgumu, wa upande wa pili anaupiga kwa gongo, akiupata anakimbia. Uwanjani kuna vituo vinne vya kukimbilia, tunaviita besi. Mpira ukiokotwa na kufikishwa besi ya kwanza kabla mkimbiaji hajaikanyaga, huyo katoka. Kwa hiyo anayesimama besi ya kwanza ndiye anayerushiwa na kila mtu. Wala hatazamwi. Unaokota, unageuka, unarusha, maana unajua mtu yupo.

Kwetu aliyesimama hapo alikuwa Mbwana, Mdigo wa Kwale, fundi wa viyoyozi. Tulijuana kwenye mkahawa mmoja wa mtaa wa Sulimaniyah, Riyadh, nilipomsikia akigombana na mpishi kuhusu maharage kwa lafudhi ya nyumbani kabisa. Tanga na Kwale ni mlango kwa mlango. Tukapeana mikono kama tuliopotezana. Yeye ndiye aliyenivuta uwanjani. Ligi yetu ni ya waliovuka arobaini, wengi Wafilipino, Wajapani wachache, na sisi Waswahili wawili. Nilimwambia mimi ni mzee. Akanijibu, "Wote wazee, kaka. Tunakwenda kukimbizana na vitambi." Kila Ijumaa baada ya mechi, kabla hata hajavua viatu, alimtumia dada yake Mwanasha ujumbe wa sauti: "Tumeshinda," au mara nyingi zaidi, "Tumepigwa." Mwanasha alikuwa Jeddah, mtunza nyumba katika familia moja ya Aziziya. Ndugu wa tumbo moja, nchi moja, miaka mitatu hawajaonana. Mwenye kazi ya ndani haondoki tu, na mwenye kazi ya ufundi naye hapumziki ovyo.

Basi mwezi mmoja kabla ya safari hii Mbwana alilala, hakuamka. Hospitali walisema ni moyo. Tulimswalia na kumzika hukohuko Riyadh, na nahodha wetu Rolando, Mfilipino fundi umeme, alisimama nje ya makaburi na wenzake, kofia mkononi, mpaka tulipomaliza. Mazoezi ya kwanza baada ya hapo Rolando aliokota mpira, akageuka, akarusha besi ya kwanza kama alivyozoea. Hapakuwa na mtu. Mpira ukaenda kugonga uzio, na hakuna aliyekwenda kuuokota kwa muda.

Jioni ya maziko alinipigia mama yake Mbwana kutoka Kwale. Sauti ilikuwa kavu. Akasema, "Mwanangu Hamza, Mwanasha asiambiwe kwa simu. Yuko peke yake kwenye nyumba ya watu. Akianguka jikoni, nani atamwinua? Nenda wewe, umwambie uso kwa uso. Na ale kwanza. Mtu haambiwi msiba na njaa."

Nikamwambia, "Nimesikia, mama."

Sasa, timu yetu ilishapangiwa mechi Jeddah, na ruhusa ya Ijumaa hiyo Mwanasha alishaiomba kwa madam wake zamani, ili aje amwone kaka yake akicheza. Kuomba siku nyingine kusingewezekana, na kungemshtua. Ikakubaliwa nyumbani tungoje. Mimi nikamtumia ujumbe kwamba simu ya Mbwana imeharibika. Alinijibu maneno mawili tu: "Haya, kaka." Nilishusha pumzi nikidhani nimeweza.

Alhamisi alfajiri, Riyadh. Tulipakia magongo, helmeti na maji kwenye basi dogo la Rolando na jingine la wenzetu, tukaondoka taa za barabarani zikiwa bado zinawaka. Kwenye begi langu nilikuwa na glavu ya Mbwana, ile ya ngozi ya kudakia mpira. Hakuna mtu wa timu aliyeweza kuitumia. Mbwana alikuwa mashoto, alirusha kwa kushoto, kwa hiyo glavu yake huvaliwa mkono wa kulia. Niliijaribu mara moja nikaivua. Nafasi yake besi ya kwanza nilipewa mimi, kwa sababu ndimi niliyebaki na mikono mirefu.

Kutwa nzima ni jangwa. Niwe mkweli, watu wanalisifu jangwa, lakini ukilipita kwa gari ni uwanda wa rangi moja na uzio wa kuzuia ngamia, halafu kituo cha mafuta, halafu uwanda tena. Kila kituo tulishuka kunyoosha magoti. Watu wazima kumi na tano wanashuka garini wakishikilia viuno na kuugulia kwa lugha tatu! Muuza chai ya maziwa mmoja aliuliza kama tunapelekwa hospitali. Rolando akamjibu kwa Kiarabu chake cha kazini kwamba sisi ni wanamichezo, na yule kijana akaishika meza kwa kicheko. Tulicheka pia. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu maziko, na tulipokwisha kucheka kila mtu alitazama chai yake.

Alasiri tulikula karibu na Taif. Hapo ndipo Rolando alinionyesha jezi ya Mbwana aliyoikunja vizuri kwenye mfuko. Akaniambia kwamba kabla ya mechi wataitundika kwenye uzio, wavue kofia, wakae kimya, ndipo waanze. Ni desturi yao.

"Mafi," nikamwambia, yaani hapana. "Usiitundike mpaka nimwambie dada yake."

Akaacha kutafuna. "Dada yake hajui?"

"Hajui."

"Kuya," akasema, ndivyo wanavyomwita kaka mkubwa kwao, "mwezi mzima? Sisi tungempigia dakika ileile. Mtu ana haki ya kujua."

Nilipandwa na hasira, nisifiche. Nikamwambia kwetu msiba haupigiwi simu. Msiba unapelekwa, na mtu mzima, kwa miguu yake. Huwezi kumtupia mtu kifo sikioni halafu ukakata laini, yeye abaki anaosha vyombo vya watu. Rolando alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza taratibu, "Na huo mwezi mzima, alikuwa anaosha vyombo na nini?" Nililipia chakula nikatoka nje.

Kutoka Taif barabara inateremka mlima kwa kona kali, na nyani wamekaa pembezoni wakitazama magari. Masikio yaliziba. Chini joto lilitupokea. Karibu na Makka tulifuata njia ya pembeni wanayopita wasio Waislamu, maana wenzangu wengi ni Wakristo. Nilitazama upande ule nikamwombea Mbwana kimoyomoyo, gari likiwa halipunguzi mwendo.

Alhamisi jioni, Jeddah. Wenzangu walikwenda kulala kwa wenyeji wa timu pinzani. Mimi nilifikia mtaa wa Safa, kwa rafiki yangu wa zamani na mkewe Bi Rukia, mwalimu, Mzanzibari wa kauli zisizopinda. Jeddah ina unyevu wa bahari. Shati lilinigandia mgongoni kabla sijapanda ngazi. Bi Rukia alinipa maji, akanitazama, akasema, "Umebeba kitu wewe. Sema."

Nikamweleza yote. Nilidhani atanisifu. Akaweka mikono kiunoni.

"Hebu, kaka Hamza. Ukishamwambia, atashikwa na nani?"

"Kushikwa vipi?"

"Yallah! Mtu akipewa msiba hushikwa. Wewe si maharimu wake. Akianguka pale, utasimama umtazame na magongo yenu? Nyie wanaume mnapanga kila kitu, mnasahau mikono."

Wallahi sikuwa nimelifikiria hilo. Tangu Kwale hadi Riyadh tulishauriana nani aseme, lini, baada ya kula nini, na hakuna aliyeuliza nani atamshika. Bi Rukia hakuningoja nijitetee. Alishaingia jikoni kuloweka mchele. "Nitapika wali wa nazi na samaki wa kupaka," akasema. "Nakuja na mimi kesho. Halas."

Ijumaa, baada ya swala, tulikwenda uwanjani. Ni kiwanja cha vumbi nje ya mji, chenye uzio wa waya na vibanda viwili vya kukalia. Timu ya Jeddah walikuwa wameshafika, nao wazee kama sisi, mmoja kafunga bandeji magoti yote mawili. Walitusalimia kwa mikono miwili na pole nyingi, kwani Rolando alishawaeleza. Jezi ilikuwa bado mfukoni kwake. Nilimwona anaushika ule mfuko kila mara, kama mtu anayehakikisha ana pasi yake ya kusafiria.

Gari la nyumba anayofanya kazi Mwanasha lilisimama getini. Dereva akamwambia jambo kwa Kiarabu, akajibu "aiwa, aiwa," na dereva akabaki garini. Alipewa ruhusa mpaka magharibi. Nilimjua kabla hajasema. Alikuwa na paji la uso la Mbwana na ule mwendo wa haraka kama anayewahi kitu.

"Kaka Hamza," akasema. "Shikamoo."

"Marahaba, Mwanasha. Karibu, mama. Huyu ni Bi Rukia, dada yetu."

Alimsalimia Bi Rukia. Hakuuliza Mbwana yuko wapi. Nilikuwa nimeandaa jibu tangu Taif, kwamba yumo ndani anabadili nguo, na jibu likanikaa mdomoni. Tukatandika mkeka nyuma ya kibanda, penye kivuli. Bi Rukia akafungua vyombo, harufu ya nazi ikatoka.

"Kula kwanza," nikasema. "Umetoka mbali."

Aziziya si mbali. Lakini akanawa, akakaa, akala. Alikula taratibu, bila kuinua macho, tonge baada ya tonge, mpaka sahani ikabaki miiba. Alikula kwa mkono wa kulia, ila wa kushoto ulikuwa unacheza pajani kama unaotaka kusaidia. Wenzangu walikuwa wamekaa upande wa pili. Hakuna aliyekuwa akirusha mpira. Mwanasha akamimina maji ya chupa, akanawa vizuri, akajifuta kwa kitambaa, akakikunja. Kisha akanitazama.

"Nimekula," akasema. "Sasa niambie."

Maneno yote niliyoyapanga yalitawanyika. Nikasema tu, "Mwanasha, Mbwana hatunaye."

Akatikisa kichwa kama anayekubali bei. "Lini?"

Nikamwambia.

"Ijumaa ile sikupata ujumbe," akasema. "Nkasema labda wamechoka. Ya pili, hakuna. Halafu mama akanipigia, akaniuliza nimekula. Kaka, mamangu hajawahi kuniuliza nimekula! Mamangu huuliza mbona sipigi simu. Siku hiyo kila mtu nyumbani alikuwa mpole. Hata Chizi, mdogo wetu, ambaye tumegombana tangu mwaka juzi, ati ananiombea dua. Nikajua. Ni Mbwana, si mwingine, kwa sababu ndiye pekee ambaye nyumbani hawakumtaja."

"Sasa mbona hukuuliza?" Sauti yangu ilitoka kwa ukali nisioutaka.

"Ningeuliza nani? Mngenambia imeharibika simu." Akasimama na kile kitambaa mkononi. "Na nikilia pale madam ataniuliza nalia nini, nimwambie nini? Kwamba mamangu ameniuliza nimekula? Msiba hujaambiwa, huwezi kuulilia. Nimepiga pasi, nimeosha watoto, nimepika, nangoja Ijumaa hii. Nilikuwa nangoja mtu wa kunishika."

Hapo ndipo alipoanguka, na Bi Rukia akamdaka kabla hajafika chini. Alilia kilio cha mwezi mzima. Bi Rukia alimfunika kwa mtandio wake, akamtikisa taratibu, anasoma chini chini na yeye machozi yanamtoka kwa mtu asiyemjua. Mimi nilisimama pale na mikono yangu mirefu isiyo na kazi. Nililia pia. Sioni aibu kulisema.

Alipotulia nilimpa glavu. Nikamwambia ni ya kaka yake. Aliigeuza, akainusa ile ngozi, kisha akaivaa. Hakujaribu kushoto wala nini. Mkono wa kulia uliingia wenyewe. "Sisi kwetu wote mashoto," akasema. "Mama alitupiga sana tuache. Tuliacha kwenye kula tu."

Rolando alikuwa amesimama mbali na mfuko wake. Nikamwashiria. Akaja akampa mkono Mwanasha, akamwambia kwa Kiingereza cha polepole kwamba kaka yake hakuwahi kuangusha mpira aliorushiwa na yeye. Huo ni uongo, Mbwana aliangusha mingi, lakini kuna uongo wa kuheshimika. Wakaitundika jezi kwenye uzio. Timu zote mbili zikavua kofia, vichwa vyeupe na vipara kwenye jua. Mwanasha alisimama nao, glavu mkononi.

Tukacheza. Nilisimama besi ya kwanza na glavu ya kuazima. Wa kwanza kupiga aliutandika mpira chini, Rolando akauokota, akageuka, akarusha bila kutazama. Nilinyoosha mkono, mguu ukiwa juu ya besi, goti likilia. Ukanasa. Nikasikia Mwanasha anapiga vigelegele vilivyokatika katikati, vikageuka kilio, kisha vikarudi. Yaliyofuata sitawasimulia. Niliangusha mitatu, Rolando akateleza, na mzee wao wa bandeji mbili akatupita kama kijana. Tulipigwa vibaya.

Kabla ya magharibi dereva alipiga honi. Mwanasha aliniaga, akamkumbatia Bi Rukia, wakapeana namba za simu. "Nitamwambia madam leo," akasema. "Sasa nina la kumwambia." Baadaye Bi Rukia aliniarifu kwamba yule madam alimpa siku tatu, akampelekea tende na kahawa chumbani, akakaa naye. Angempa tangu mwezi uliopita, kama angelijua.

Jumamosi, njia ya kurudi. Tulisimama tena Taif, penye baridi ya mlima, nikampigia mama yake Mbwana. Simu iliita mara moja tu.

"Alikula?" akauliza.

"Alikula, mama. Sahani nzima."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia. Lakini mama, alikuwa anajua. Alikuwa anajua siku zote."

Nikamsikia anavuta kiti, anakaa.

"Alishikwa?"

"Alishikwa. Na mwanamke mwenzake."

"Alilia?"

"Alilia sana, mama."

"Alhamdulillahi," akasema. Kisha ile sauti kavu niliyoizoea mwezi mzima ikapasuka. "Basi sasa na mimi nimlilie mwanangu. Kila simu ikiita nilikuwa najikaza, nikidhani ni yeye." Akalia. Nilisikia watu wa nyumba wanamkimbilia, nikamsikia mmoja anasema, "Mshikeni, mshikeni." Sikukata. Nilisimama nje ya mkahawa ule na simu sikioni mpaka walipoichukua mkononi mwake.

Nilipopanda gari nilimwambia Rolando kwamba sote wawili tulikuwa na haki nusu. Nimekaa na jambo hili tangu siku ile. Bado nasema msiba haupigiwi simu. Yule dada alikuwa anangoja mkono, na mkono haupiti kwenye simu. Ila kupeleka msiba ni kuwahi. Sisi tulijiona tumembebea mzigo, kumbe tulimwachia aubebe peke yake, na mama yake naye akabeba wake peke yake upande wa pili, kila mmoja akimwonea huruma mwenzake. Angekwenda mtu wiki ileile, hata kwa kumwomba madam mlangoni. Na angekwenda na mwanamke.

Riyadh, Ijumaa iliyofuata. Tulicheza na timu ya Wajapani. Nilisimama palepale, besi ya kwanza. Tulipomaliza, kabla sijavua viatu, nilimtumia Mwanasha ujumbe wa sauti: "Mwanasha, tumepigwa tena. Vipi wewe, umekula?"

Jibu lilikuja upesi, na nyuma yake nasikia watoto wa nyumba ile wakicheka.

"Poleni. Na kaka Hamza, nakuomba sana, niulize chochote, ila usiniulize kama nimekula."